Swali la Shehe: Ahazi Alipewa Nini?

(Hotuba kwa wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili, jioni moja ya Majilio)

Bwana Yesu asifiwe.

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, wainjilisti wenzangu, na mama zangu wa kwaya mliokuja na daftari kabisa: shikamooni wale wa kuamkiwa, na wadogo zangu habari za jioni. Nimeombwa niseme juu ya manabii na Masihi, nikapewa saa moja. Kwa saa moja manabii wote hawaenei, hata ningewapanga foleni. Kwa hiyo nitakaa kwa Isaya, na sehemu kubwa nitakaa kwenye sura ya saba, kwa sababu sura hiyo nina deni nayo.

Deni lenyewe ni hili. Nikiwa mwinjilisti wa mwaka wa pili nilipelekwa kwenye mhadhara. Vijana wa leo mihadhara ile mnaisikia tu: meza mbili uwanjani, spika za kukodi, Biblia na Kurani mezani, Waislamu huku, Wakristo huku, na watoto wamekaa chini mbele kabisa kama wako kwenye mpira. Zamu yangu ilipofika nikasoma Isaya 7:14 kwa sauti ya kutetemesha mabati: "Tazama, bikira atachukua mimba, atazaa mtoto mwanamume, naye atamwita jina lake Imanueli." Nikafunga Biblia kwa kishindo. Nikasema, "Miaka mia saba kabla! Nani anabisha?"

Upande wa pili alikuwepo shehe mmoja, mzee mpole, miwani yake imefungwa uzi. Hakubisha habari ya bikira. Asingeweza, maana Kurani ina sura nzima kwa jina la Maryam, na kwamba alizaa bila kuguswa na mwanamume shehe yule aliamini kama mimi. Aliomba kitu kimoja tu. "Kijana wangu, nisomee sura hiyo hiyo tangu mwanzo." Nikasoma. "Huyo Ahazi ni nani?" Mfalme wa Yuda. "Ana shida gani?" Anaogopa vita. "Ishara kaahidiwa nani?" Nikasema, Ahazi. "Sasa mtu adui yuko njiani anakuja, wewe unamwambia ishara yako itazaliwa miaka mia saba ijayo, siku hiyo wewe mifupa yako imeshakuwa vumbi. Itamsaidia nini? Ahazi alipewa nini?"

Nilipandisha sauti. Ndiyo dawa ya mhubiri aliyeishiwa, na spika zilikuwa upande wangu. Watu wangu wakapiga vigelegele, nikarudi nyumbani najua kwamba nimeshindwa. Jioni hii nataka nilijibu swali lile polepole, bila spika.

Turudi basi kwa Ahazi. Ni karibu mwaka 735 kabla ya Kristo. Dola ya Ashuru chini ya Tiglath-Pileser wa Tatu inameza nchi moja baada ya nyingine. Rezini wa Shamu, aliyekaa Dameski, na Peka mwana wa Remalia, mfalme wa Israeli kule Samaria, wanataka kuungana kumzuia, na wanamtaka Ahazi aingie. Ahazi hataki. Basi wanapanga kupanda Yerusalemu, wamng'oe, wamweke mtu wao, mwana wa Tabeeli. Biblia inasema moyo wa mfalme na mioyo ya watu wake ilitikisika kama miti ya msituni itikiswapo na upepo.

Isaya anatumwa amkute mfalme mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia kuu ya uwanja wa dobi. Mimi napenda sana sentensi hiyo. Unabii huu mkubwa tunaouimba kila Krismasi ulitolewa barabarani, karibu na mahali watu wanapofulia nguo. Mfalme alikuwa anafanya nini kule? Mji ukizingirwa, cha kwanza kuisha ni maji. Huenda alikwenda kukagua mfereji. Isaya naye anakuja na mwanawe mkononi, Shear-yashubu, maana yake "mabaki watarudi". Hebu fikirini kuitwa jina hilo na kupelekwa kwa mfalme. Na ujumbe ni huu: tulia, usiogope, hao wawili ni mikia ya vinga vitokavyo moshi. Mnaopika kwa kuni mnajua kinga cha namna hiyo, macho yanakutoka machozi lakini sufuria haichemki. Kisha neno zito: kama hamtaki kuamini, bila shaka hamtathibitika.

Omba ishara, Isaya anamwambia, iwe chini kuzimu au juu mbinguni. Ahazi anajibu kwa utakatifu mkubwa kwamba yeye hawezi kumjaribu Bwana. Jibu zuri kabisa, lingefaa mahubiri. Ila mtu huyu alikuwa na mpango wake. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 16, kinasema alichota fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana na za hazina yake, akampelekea mfalme wa Ashuru na maneno haya: mimi ni mtumwa wako na mwanao, njoo uniokoe. Kwenye maandishi ya Tiglath-Pileser mwenyewe, katika orodha ya wafalme waliompelekea kodi, yumo Yauhazi wa Yuda. Ndiye huyo huyo. Alikataa ishara ya bure akanunua msaada wa kulipia, tena kwa mali ya hekalu.

Hapo ndipo Isaya anakasirika na kusema, basi Bwana mwenyewe atawapa ishara. Kuna wenzetu hushika neno "atawapa" na kusema, mnaona, ni wingi, anaambiwa ukoo wote wa Daudi, kwa hiyo Ahazi hahusiki. Ukoo umetajwa, ni kweli. Lakini msiishie aya ya 14. Aya ya 16 inasema kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi ambayo wafalme wake wawili unawachukia itaachwa ukiwa. "Unawachukia." Ni wewe, Ahazi, na wafalme wawili wale wale. Mtoto anapewa kama saa ya ukutani: hesabu umri wake, utajua lini hofu yako itakwisha. Dameski ilianguka mwaka 732. Samaria ikafuata miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo, shehe wangu, Ahazi alipewa mtoto wa siku zake. Mtoto gani? Hapo watu wamekuwa wakibishana tangu zamani. Wapo wanaosema ni mwana wa Isaya, kwa sababu sura ya 8 inaleta mtoto mwingine, Maher-shalal-hash-bazi, na maneno yanayofanana: kabla hajajua kusema baba na mama, utajiri wa Dameski utachukuliwa. Wapo Wayahudi waliosema ni Hezekia, mwana wa Ahazi. Katikati ya karne ya 2 Justin, aliyeuawa kwa ajili ya imani kule Roma, aliandika majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trypho, na Trypho anamtaja Hezekia waziwazi. Tatizo la Hezekia ni hesabu. Ahazi alitawala miaka 16, Hezekia alianza kutawala ana 25. Toeni wenyewe: siku baba yake anakalia kiti, Hezekia ana miaka tisa. Hata Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi wa Ufaransa, alimkataa Hezekia kwa hesabu hiyo hiyo. Mimi naegemea kwa mke wa Isaya, lakini sitagombana na mtu.

Trypho alileta hoja nyingine, na hii ndiyo iliyowachoma Wakristo zaidi. Alisema Maandiko hayana neno "bikira" pale, yana "msichana". Kiebrania kina neno *alma*, mwanamwali, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Ni kweli. Kiebrania kina neno jingine, *betula*, ambalo kwa kawaida ndilo bikira. Gombo kubwa la Isaya lililopatikana pangoni Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, ambalo lilinakiliwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Bwana kuzaliwa, lina *alma* vilevile, kwa hiyo Wayahudi hawakubadilisha kitu. Lakini msiende haraka upande wa pili pia. Rebeka pale kisimani anaitwa *alma*, na Mwanzo 24 inasema wazi hajamjua mwanamume. Dada yake Musa aliyekuwa analinda kile kisafina mtoni ni *alma*. Naye *betula* katika Yoeli 1:8 anamlilia mume wa ujana wake. Maneno ya lugha za watu yako hivyo. Sisi wenyewe tukisema "msichana", mnadhani nini? Mwanamwali aliyetoka kuchezwa unyago jana, unamfikiria nani? Neno halisemi bikira, na mwenye kusikia anafikiria bikira, isipokuwa aambiwe vingine.

Waliochagua neno la Kiyunani *parthenos*, bikira, walikuwa Wayahudi, waliotafsiri Isaya kutoka Kiebrania kabla ya kuwepo Mkristo hata mmoja duniani. Mathayo alilikuta limeshaandikwa. Hakulipachika yeye. Baadaye Wayahudi wengine, Akila na Theodotioni, walitafsiri upya wakaweka *neanis*, msichana, na ugomvi ukakolea.

Haujaisha mpaka leo. Mwaka 1952 ilitoka tafsiri mpya ya Kiingereza kule Marekani ikiwa na "mwanamke kijana" katika Isaya 7:14, na mchungaji mmoja wa Rocky Mount, North Carolina, akachoma ukurasa ule mbele ya watu. Mwaka huo huo wa 1952 ndipo Biblia yetu ya Muungano ilipotoka nzima, ikiwa na "bikira". Kwa hiyo huku hatukuchoma kitu, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya hekima.

Nisikilizeni hapa. Injili ya Luka inasimulia malaika Gabrieli na bikira Mariamu kwa urefu kuliko Mathayo, na haimnukuu Isaya 7:14 hata mara moja. Habari ya Mariamu ina miguu yake yenyewe. Mathayo hakuanza na aya akatunga bikira. Alikuwa na bikira mkononi, ndipo akarudi kwenye gombo akaliona lile neno likimwangalia.

Sasa aliona nini? Mathayo anaandika "ili litimie neno". Sisi tukisikia "kutimia" tunafikiria bahati nasibu: mtu alitaja namba, namba ikatoka. Lakini Kiswahili kinajua zaidi ya hapo. Mwenyekiti akiuliza "Tumetimia?" haulizi kama tulitabiriwa. Anauliza kama viti vimejaa. Na neno la Kiyunani analolitumia Mathayo kwa "litimie" ndilo analolitumia katika sura ya 13, kwenye mfano wa juya lililotupwa baharini, "hata lilipojaa, walilivuta pwani". Neno moja. Wenzetu wa pwani mnalijua juya. Linatupwa asubuhi, na tangu dakika ya kwanza lina samaki ndani. Samaki wa kwanza ni samaki wa kweli, hawakuwekwa pale kwa kungojea wengine. Lakini wavuvi hawalivuti kwa sababu ya wale wa kwanza.

Isaya alilitupa neno "Imanueli" kwenye njia ya dobi, na likapata samaki wake siku zile zile: mtoto akazaliwa, Rezini akaondoka, Mungu alikuwa pamoja nao. Mathayo anasema juya halikuvutwa siku ile. Lilibaki majini.

Anafanya hivyo kila mahali, ukimfuatilia. "Kutoka Misri nalimwita mwanangu," ananukuu, mtoto Yesu anaporudi kutoka ukimbizini. Fungua Hosea 11:1 uone kama kuna utabiri pale. Hakuna. Hosea anasema habari za kale, Israeli alipokuwa mtoto, na aya inayofuata inalalamika kwamba walifukizia uvumba sanamu. Mathayo alijua hayo, alikuwa Myahudi, Hosea alimjua kuliko sisi. Anachosema ni kwamba mwana wa kwanza aliitwa akapotea njia, na huyu anapita njia ile ile toka Misri bila kupotea. Ukimsoma Mathayo kama mtu wa kulinganisha tu namba, atakuaibisha mbele ya shehe yeyote mwenye Biblia. Zile orodha za "unabii mia tatu uliotimia" zinazozunguka kwenye simu zenu, nyingi zimeandikwa na watu ambao hawakusoma aya ya kabla wala ya baada. Msinitumie tena, nazo zinajaza simu.

Nami nawaonyesha sasa lile lililonirudishia usingizi. Ahazi alipomwita Mwashuri, Mwashuri alikuja. Na pigo lake likaangukia kaskazini. Soma Wafalme wa Pili 15:29: akatwaa Hasori, na Gileadi, na Galilaya, nchi yote ya Naftali, akawachukua watu mateka mpaka Ashuru. Msaada alioununua Ahazi uliangukia vichwa vya watu wa Galilaya. Wale ndio waliolipia hofu ya mfalme wa Yerusalemu. Sasa geuza ukurasa mpaka Isaya 9. Nchi gani inatajwa? Zabuloni na Naftali. "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu." Giza lile halikuwa giza la mashairi. Lilikuwa mwaka fulani, njia fulani, watu wamefungwa kamba. Na ndipo linapokuja "kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", lile la kadi za Krismasi.

Mathayo, sura ya 4, Yesu anahama Nazareti anakwenda kukaa Kapernaumu, "mipakani mwa Zabuloni na Naftali". Na Mathayo ananukuu Isaya 9. Hanukuu ile ya mtoto na uweza wa kifalme begani. Ajabu ni kwamba katika Agano Jipya lote hakuna anayeinukuu. Ananukuu ile ya nchi. Anaona mwana wa Daudi akianza kazi pale pale ambapo mwana mwingine wa Daudi, Ahazi, alisababisha msiba. Ukimwondoa Ahazi kwenye sura ya saba ili unabii uonekane wa ajabu zaidi, umemnyang'anya Mathayo hoja yake.

Muda unakwenda. Niguse Isaya 53, kwa sababu najua mtaniuliza. Mtu wa kwanza tunayemsikia akiuliza vizuri juu ya sura ile ni Mwafrika, yule towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa nchi ya mto Nile ambayo leo ni Sudani. Anasoma garini, Filipo anakimbia kando yake anamwuliza, je, yamekuelea haya unayosoma? Naye haoni haya kusema, nitawezaje kuelewa mtu asiponiongoza. Kisha swali: nabii huyu asema maneno haya kwa habari ya nani, ni habari zake mwenyewe au za mtu mwingine?

Swali hilo kitabu chenyewe kinalichochea. Isaya 49:3 inasema, "Wewe u mtumishi wangu, Israeli." Aya mbili tatu mbele, mtumishi huyo huyo anatumwa kuwarudisha Israeli. Taifa au mtu? Origen, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 3, aliambiwa na Wayahudi kwamba mtumishi ni taifa lote lililotawanywa. Wengine kati yao walimwona Masihi. Tafsiri yao ya kale ya Kiaramu inamtaja Masihi waziwazi pale, ingawa mateso inayasogeza kwa wengine. Rashi alisema ni Israeli. Rashi alisoma Worms na Mainz, miji ya Ujerumani, akiwa kijana, na mwaka 1096 Wakristo wa vita vya msalaba, waliokuwa wamejishonea misalaba nguoni, waliingia katika miji ile wakaua Wayahudi kwa mamia. Mtu wa Mainz akisoma "kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni", alikuwa na sura za watu anaowafahamu. Mimi namwona Yesu katika sura ile, simung'unyi. Lakini mhubiri anayewacheka Wayahudi kwamba ni vipofu kwa sura ya 53 ajue kwanza nani aliyekuwa ameshika upanga.

Na kwa kuwa nimetaja Masihi, jambo dogo la pembeni. Katika kitabu chote cha Isaya neno "masihi", aliyepakwa mafuta, linatumika kwa mtu mmoja tu, na si Mwisraeli. Ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, sura ya 45. Na ile aya mnayopenda kutishiana nayo makanisani, "msiwaguse masihi wangu", Zaburi ya 105, inasema habari za Ibrahimu na Isaka wakihamahama na mahema yao. Wachungaji waliopo wanisamehe.

Yule shehe tulikutana tena baada ya miaka mingi, msibani, kwa jirani aliyekuwa na watoto wa dini zote mbili. Miwani ilikuwa mipya. Tuliketi mkekani, nikamkumbusha swali lake, naye akalikumbuka. Nikamweleza yote haya, dobi, kinga cha moshi, Galilaya, juya. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikata.

"Haya," akasema. "Ahazi umemjibu. Mimi bado." Akasogea, akanipa nafasi nzuri mkekani, na kijana akatuletea kahawa.